Mwonjaji wa Kumi na Sita

Naja na ngano!
— Njoo nayo, mkeka upo!
Ni nzito!
— Tutaibeba wote!
Itawaliza!
— Kanga za kufutia tunazo!

Haya. Wewe uliyejilaza hapo ukutani, kaa vizuri, mimi sisimulii gogo. Na kabla sijaanza nina kazi ndogo ya kuwapa. Nikisema "Panya?", nyinyi mniitikie "Ni wengi!" Tujaribu. Panya?
— Ni wengi!
Vizuri. Shikeni hilo hilo, msilisahau.

Hapo kale wanyama waliingiliwa na homa ya koo. Homa mbaya, jamani. Ilianza na kikohozi, koho, koho, kama mzaha. Siku ya tatu koo limeziba, siku ya tano matanga. Ikamchukua ndama wa Nyati. Ikawachukua watoto wawili wa Swala. Ikaingia mashimoni kwa panya, ikafagia. Bi Siwema, panya mmoja mwembamba aliyekaa pale kichuguuni, alikuwa na watoto watano. Homa ikamwachia mmoja tu, wa kike, jina lake Mashavu, maana alizaliwa na mashavu ya kujaa kama mtu aliyeficha karanga.

Sasa huyo Mashavu alikuwa na kitabia chake. Akiumia, halii. Siku siafu walipomng'ata pua nzima, alicheka, tena kwa sauti, huku ameukumbatia mkia wake kifuani. Jirani aliyemwona alidhani mtoto ana furaha zake. Mama yake peke yake ndiye aliyejua: huyu akiukumbatia mkia, anaumia. Shikeni na hilo.

Mganga wa nchi alikuwa Bwana Fisi. Mizizi aliijua, tusimsingizie. Lakini alikuwa na tumbo lisilojua kushiba, na meno ya kukufanya ukubali kila alisemalo. Basi Fisi akachimba mizizi minne, akatwanga, tu! tu! tu! Akachemsha, akatia asali, akajaza kibuyu. Kipimo tu ndicho ambacho hakukijua. Mizizi ile ikipungua, haitibu. Ikizidi, inaua.

Na nchi ile ilikuwa na desturi yake. Anayekumiminia kitu, kiwe maji, kiwe uji, kiwe togwa, hunywa funda la kwanza yeye mwenyewe, ndipo akupe wewe. Waliita kutoa wasiwasi. Mgeni hagusi kata mpaka mwenyeji ametoa wasiwasi. Kwa hiyo Fisi alipokileta kibuyu barazani, Mzee Tembo akasema, "Haya, Bwana Mganga. Tutoe wasiwasi."

Fisi akakitazama kibuyu. Akakohoa kidogo, kikohozi cha uongo. "Wazee wangu," akasema, "mimi nikifa, nani atawatibu?"

Tembo akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Kiboko. Kiboko akatazama mawingu, na siku hiyo hapakuwa na hata wingu moja.

"Aonje mdogo," akasema Fisi polepole. "Si panya wapo? Panya wanazaa kila mwezi. Akipungua mmoja, nani ataona?"

Panya?
— Ni wengi!

Ehe! Hivyo hivyo ndivyo baraza zima lilivyoitikia, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Na Bi Siwema alikuwepo, kule pembeni kabisa. Simfichi. Hakuitikia, lakini hakupinga pia. Alijisemea moyoni: watawachukua wa bondeni, kule ndiko walikojaa, mimi hawanijui. Na dawa aliitaka, maskini. Alikuwa amezika wanne.

Basi Fisi akajenga kizimba cha miba mlangoni kwake, panya akikitafuna, ulimi unatoboka. Akamtia panya wa kwanza, kacha! Akamnywesha, gulu! Panya akakaa. Akasinzia. Akalala. Hakuamka. Fisi akakwaruza mstari ukutani, kwaru! Akasema, "Hii siyo. Mwingine!"

Akachanganya tena, tu! tu! tu! Akamtia wa pili, kacha! Akamnywesha, gulu! Panya akakaa. Akasinzia. Akalala. Hakuamka. Kwaru! "Hii siyo. Mwingine!"

Wa saba alitia matumaini. Alinywa, akacheka, akaomba maji, akamaliza siku mbili akizungumza. Ya tatu hakuiona. Kwaru! "Hii siyo. Mwingine!"

Ikawa hivyo mpaka wa kumi na tano. Panya wa bondeni waliobaki wakahama usiku na mchana, wakaingia chini ya miamba kusikofika mkono. Fisi alipokosa wa karibu, akapandisha mlima kidogo, akafika kichuguuni. Siku hiyo Bi Siwema alikuwa ametoka kuokota mtama. Aliporudi alikuta shimo limefukuliwa, na kwenye udongo mbichi alama za kucha nne kubwa.

Alikimbia, piti piti piti, mpaka kwa Fisi. Mashavu alikuwa ndani ya kizimba, amekaa, anacheka. Ameukumbatia mkia.

"Bwana Mganga," akasema Bi Siwema, "nakuomba. Huyo ndiye aliyebaki."

Fisi alikuwa akichekecha unga wa mizizi. Wala hakuwa mkali. Sauti yake ilikuwa laini, na hilo ndilo lililomtia Bi Siwema baridi. "Usilie, mama. Mwanao anafanya kazi kubwa. Kwa ajili yake watoto wangapi watapona? Tutamkumbuka daima."

"Utamkumbuka kwa jina gani?"

Fisi akageuka, akautazama ukuta, midomo ikimchezacheza. "Wa kumi na sita," akasema.

Bi Siwema akarudi shimoni kwake, akalia mpaka macho yakakauka. Halafu akajipangusa pua, akaanza kufikiri. Kupigana na Fisi, haiwezekani. Kumwomba, ameshamwomba. Akafikiri juu ya meno ya Fisi, akayaacha. Akafikiri juu ya tumbo la Fisi, na hapo akatulia.

Kesho yake akaenda barazani. "Shikamooni, wazee."

"Marahaba, Bi Siwema," wakaitikia, kila mmoja akiangalia miguu yake mwenyewe, maana habari walikuwa nayo.

"Sikuja kumwombea mwanangu atolewe," akasema. "Nimekuja kumwombea heshima. Anayetuonjea sisi sote aende na njaa kweli? Naomba alishwe siku sita, chakula apendacho. Siku ya saba anywe."

Baraza likafurahi mno. Kutoa chakula ni rahisi, hakumchomi mtu moyo. "Haki kabisa!" akasema Nyati. "Anapenda nini huyo mtoto?"

"Mifupa," akasema Bi Siwema. "Yenye uboho. Wazee Simba na Chui wakituachia masalio yao, itatosha."

Fisi alikuwa amekaa palepale. Aliposikia uboho, mate yakamdondoka, tii, tii, tii.

"Na jambo moja dogo," akasema Bi Siwema. "Nachelea watu wasio na adabu. Tuapizane hapa kwamba chakula cha mwonjaji ni cha mwonjaji. Atakayekila, basi yeye ndiye mwonjaji."

"Tumeapa!" wakasema wote. Na Fisi akasema "Tumeapa!" kushinda wenzake, maana kichwani alikuwa akipiga hesabu zake: katoto ka panya, paja zima la nyati, katabakiza kiasi gani?

Jioni Bi Siwema akapenya hadi kwenye kizimba, akamnong'oneza bintiye kupitia miba: "Mifupa usiiguse. Hata kulamba, usilambe. Mimi nitakuletea mtama."

"Hata uboho kidogo, mama?"

"Hata kidogo, mwanangu. Ukila, umekwisha."

Siku ya kwanza ukaja mfupa wa paja. Mashavu hakugusa. Fisi akaunusa, fu, fu. Akaondoka. Akarudi. "Mtoto, huli?" "Nimeshiba, babu." "Chakula kisiharibike," akasema Fisi. Kwacha! Kwacha! Mfupa haupo.

Siku ya pili zikaja mbavu. Mashavu hakugusa. Fisi akanusa, fu, fu. "Chakula kisiharibike." Kwacha! Kwacha! Mbavu hazipo. Siku ya tatu fuvu, ya nne uti wa mgongo, ya tano paja tena, na mafuta yake. Siku ya sita Fisi hata hakuuliza kitu, aliyapokea masalio njiani kabla hayajafika. Kidevu kinang'aa, tumbo limemtangulia kama ngoma.

Jioni ile Bi Siwema akaliita baraza mlangoni kwa Fisi. "Wazee, mtazameni mwanangu." Wakamtazama: mbavu zote zahesabika. "Sasa mtazameni mganga wetu."

Hapakuwa na haja ya shahidi. Mzee Tembo akapandisha mkonga. "Bwana Fisi, umekula chakula cha mwonjaji?"

"Nimeonja tu, mzee."

"Basi kama umeshaanza kuonja," akasema Nyati, "endelea na kibuyu."

Wakacheka mpaka nyasi zikalala. Fisi akaruka huku na huku, akataja elimu yake, akataja uchovu wake, akataja mama yake mzazi. Kiapo ni kiapo. Kesho asubuhi, mbele ya wote, angekunywa yeye, na akishakunywa, kizimba kifunguliwe.

Hapo, jamani, Bi Siwema alitembea kwenda kwake kama anayekwenda harusini. Alifagia shimo. Alitandika nyasi laini mahali pa Mashavu. Alichagua punje za mtama, zilizovunjika akaziweka kando, nzima nzima akazipanga kwenye kigae. Alipanga akiimba. Ngano zingekuwa zinaishia pale unapotaka mwenyewe, mimi ningeishia hapo.

Asubuhi na mapema alikwenda kwa Fisi kabla ya wenzake. Akamkuta amechuchumaa mbele ya kizimba, kata mkononi, na kata ile ina unyevu.

"Umefanya nini?" akasema Bi Siwema.

Fisi hakuona hata haya. Alistaajabu kwamba anaulizwa. "Funda moja tu, mama. Nitakunywaje kitu ambacho hakijajaribiwa?" Akaelekeza kidole kwenye kizimba. "Baraza likija nikamkuta bado yu wima, nakunywa. Akilala, namwaga hii chini, nawaambia kibuyu kimepasuka. Nachanganya nyingine, natafuta panya mwingine." Akasema polepole, wala hakuwa na ubaya usoni: "Si mko wengi?"

Panya?
— Ni wengi.

Mashavu alisikia kila neno. Alikuwa amesimama katikati ya kizimba, mikono ameibana kifuani. Alipomwona mama yake, akacheka. Kicheko kikubwa, kilichofika mpaka kwa Fisi. Halafu akanyanyua mguu mmoja, akaushusha. Akanyanyua wa pili, akaushusha.

"Mama," akasema, "nipigie makofi. Nataka kucheza."

Bi Siwema akautafuta mkia. Ulikuwa umekumbatiwa kwa mikono miwili, umebanwa kifuani kwa nguvu mpaka ncha imekuwa nyeupe.

Akajua. Alitaka kupiga yowe, alitaka kumwambia mtoto lala, mwanangu, pumzika, usijitese. Lakini mtoto akilala, dawa inamwagwa, na Fisi anakwenda kutafuta wa kumi na saba. Na funda lilikwisha kushuka, halirudi. Mtoto alikuwa anamtazama machoni, anamwomba. Basi mama akapiga makofi, pa, pa, pa. Na akaimba. Nipigieni na nyinyi, taratibu:

Mashavu we, cheza,
mguu huu, cheza,
na mguu ule, cheza,
mama yupo, cheza.

Pa, pa, pa. Wanyama wakaanza kuja. Tembo akaja, Nyati akaja, Kiboko akaja, wakasema, "Tazameni mtoto anavyocheza! Leo ni siku yake!" Nao wakapiga makofi. Mashavu anazunguka. Akijikwaa, anafanya kana kwamba ni mtindo. Jasho linamtoka puani. Mama yake anaimba, sauti haitetemeki, maana ingetetemeka Fisi angeisikia.

Mashavu we, cheza,
mama yupo, cheza.

Fisi alimkodolea macho mtoto muda mrefu. Akamwona amesimama. Akamwona anacheka. Uso ukamkunjuka. "Hii ndiyo yenyewe!" akapaza sauti. "Wazee, nimeipata! Nawatolea wasiwasi!" Na kwa kuwa watu wanamtazama, na kwa kuwa ndani mna asali, hakuchukua funda. Alikibinua kibuyu. Gulu, gulu, gulu, gulu, mpaka tone la mwisho, akalamba na mdomo wa kibuyu.

Bi Siwema akaacha kuimba. Akaifungua miba kwa mikono yake mwenyewe, ikamtoboa, hakuhisi. Mashavu akamwangukia.

"Mama, amekunywa?"

"Amekunywa, mwanangu."

"Yote?"

"Yote."

"Basi nimechoka," akasema Mashavu. Akauachia mkia.

Akakaa. Akasinzia. Akalala.

Hapo nyuma Fisi alikuwa ameanza kuyumba, na baraza lote limemkimbilia yeye, maana akianguka Fisi nchi inatikisika, na akianguka panya hakusikiki kitu. Puu! Alianguka. Siku nne alinguruma kama jiwe la kusagia. Hakufa, mwili mkubwa una pa kuificha sumu. Lakini miguu ya nyuma ililegea, haikunyooka tena, ndiyo maana hadi leo mgongo wake una mteremko, na kicheko kilimkaa kooni, kinamtoka hata pasipo cha kuchekesha.

Baraza likakata shauri: kuanzia siku hiyo mwenye dawa aonje dawa yake. Na mwaona! Fisi, aliyekuwa akipima kwa kata, sasa alipima kwa ncha ya ukucha. Tone moja, anasubiri siku nzima. Tone la pili, anasubiri, anajishika tumbo, anajisikiliza. Alikuwa mwangalifu kama mama anayeonja uji wa mtoto. Haukupita mwezi, kipimo akakipata. Kumbe njia ilikuwepo. Homa ya koo ikaondoka nchini, ndama wakarudi kuruka, na Swala akazaa tena.

Bi Siwema ndiye aliyekuwa wa mwisho kuugua. Kikohozi kilimwanza, koho, koho, naye hakumwambia mtu. Majirani ndio waliosema. Siku ya tatu Fisi mwenyewe akaja, anachechemea, kata mkononi. Akanywa funda la kwanza, akamkabidhi. "Ni salama, mama."

"Najua ni salama," akasema Bi Siwema. Akaishika kata, hakunywa. "Ukutani kwako kuna mistari mingapi?"

"Kumi na sita."

"Wa mwisho anaitwa nani?"

Fisi akainamisha kichwa. Kicheko kikamponyoka, akakiziba kwa mkono. "Mashavu," akasema.

"Sema tena."

"Mashavu." Halafu akauliza, na aliuliza kwa kutaka kujua, "Na wa kumi na tano, mama? Yeye alikuwa anaitwa nani?"

Bi Siwema akafungua kinywa. Hakujua. Wa kumi na tano hakumjua, wa kumi na nne hakumjua. Walikuwa wa bondeni. Alikuwepo barazani siku ile, alinyamaza.

Akainywa dawa. Alitumaini isimponye. Ikamponya, ilikuwa dawa nzuri, tena tamu. Na alipopata nguvu za kutembea, alishuka bondeni, akaenda hadi kwenye miamba, shimo kwa shimo, hodi kwa hodi, akiuliza: "Hapa alitoka nani? Aliitwa nani?"

Ngano yangu imechoka kutembea, naiweka chini hapa. Aliyeipenda aiokote, aliyelia ajipanguse.

Ehee, mnataka fundisho. Najua, hamwondoki bila fundisho. Haya, fundisho ni hili: mkubwa asionje. Mwaona alivyoharibika miguu, mtu mzima, mganga mzima! Kitu kisichojulikana wape wadogo, wao hawana mgongo wa kupinda. Tena wala msiwaulize majina, jina linachelewesha kazi. Akipungua mmoja, haionekani.

Haya, niitikieni tumalize. Panya?

Nimesema, panya?

Mbona mmenyamaza?